Mwalimu Ludovika na Mkono wa Muhsini

Pale Ruhuwiko, mtaa wa Songea, ukitaka neno lisemwe mkutanoni bila kupakwa mafuta, ulimtafuta Mwalimu Ludovika Kapinga. Mwaka ule mabomba ya mtaa yalipokauka na mtendaji akaja na maelezo marefu kama msimu wa njaa, ni yeye aliyesimama, akajifunga kitenge vizuri, akauliza, "Mtendaji, sisi tumekuja kuchukua maji au kuchukua mchakato?" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Yeye hakucheka. Alikuwa anataka jibu.

Alizaliwa Mbinga, kwenye vilima vya kahawa, mtoto wa katikati katika nyumba ya Wamatengo ambamo wakubwa walitegemewa na wadogo walidekezwa, yeye akaachwa ajikuze. Masista walimwona ana kichwa, wakamsomesha, wakiamini atabaki nao avae shela. Akawaambia wazi kwamba Mungu hajamwita huko, akaenda chuo cha ualimu. Kazi ilimpeleka Namtumbo, vijiji vya tumbaku, kwa watoto ambao msimu wa kuvuna walifika darasani vidole vimenata utomvu mweusi, daftari haziachani na mikono. Huko alikaa ujana wake wote. Baadaye akahamishiwa Songea mjini, na hapo ndipo alipostaafia.

Mumewe, mzee Pankrasi, alikuwa dereva wa lori. Siku hizi sukari imemvimbisha miguu, anashinda barazani na redio yake, na kazi kubwa iliyobaki maishani mwake, kama anavyosema mwenyewe, ni kushika breki za mkewe.

Habari ya gereza ilianza kwa mzee Raphael, hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Alikuja nyumbani asubuhi moja, akanywa chai, akaeleza kwamba limeundwa kundi dogo la raia wa kutembelea gereza moja la kilimo nje ya mji, kuangalia hali za wafungwa na kusikiliza malalamiko yao. Yeye ndiye mwenyekiti. Walitaka mwanamke mmoja mwenye heshima zake, asiyeogopa kuuliza.

"Hapo ndipo jina lako lilipotajwa, Mwalimu," alisema.

Raphael alipoondoka, Pankrasi alipunguza redio. "Utakwenda kukagua nini gerezani?"

"Kama watu wanatendewa kama watu."

"Na kama hawatendewi?"

"Tutasema."

Pankrasi akamtazama kidogo, akairudishia redio sauti yake.

Ziara ya kwanza ilimfurahisha, na baadaye alijichukia kwa furaha ile. Walipokewa na mkuu wa gereza, Afande Aidani, mtu mtaratibu mwenye sauti ya chini, aliyemwita "Mwalimu" tangu neno la kwanza na kumchagulia kiti kisichoyumba. Uwanja ulikuwa umefagiwa, mistari ya fagio ingali inaonekana kwenye vumbi. Wafungwa walichuchumaa safu kwa safu, katika nguo zao za rangi ya chungwa. Afande aliwaambia wafungwa kwamba wageni hawa ni wazazi wao, mwenye lake aseme. Kisha akauliza kwa sauti, "Mna malalamiko?"

"Hatuna, afande!"

Lilitoka kwa pamoja, safi, kama darasa lililofundishwa vizuri. Ludovika alikuwa amefundisha madarasa mengi kujibu kwa pamoja. Alipaswa kujua. Lakini siku ile aliona nidhamu tu, akaona na bustani ya mboga, na sufuria za maharage zinazotokota, akarudi nyumbani akamwambia Pankrasi kwamba watu husema mambo mengi kuhusu magereza.

Ziara ya pili ilikuwa wakati wa baridi, ile baridi ya Songea inayowafanya waendesha bodaboda wavae makoti ya mvua juani. Safari hii Ludovika hakutaka kukaa uwanjani. Wenzake wakiwa wanaangalia karakana ya useremala, yeye alizunguka nyuma ya jiko. Pale, juu ya gunia, alikuwa ameketi kijana akichambua maharage kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto alikuwa ameufunga kifuani kwa kitambaa kilichochanwa kutoka kwenye sare kuukuu. Vidole vilivyotokeza vilikuwa vimejaa kama vya mtoto mchanga.

"Umefanyaje mwanangu?"

Aliyejibu hakuwa yeye, alikuwa nyapara, yule mfungwa anayewasimamia wenzake. "Huyo alianguka, mama."

"Sijakuuliza wewe, baba."

Akamgeukia askari aliyekuwa anamfuata, akamwomba asogee mbali kidogo pamoja na nyapara, maana ndivyo utaratibu wao ulivyosema: mkaguzi anaweza kuzungumza na mfungwa faragha. Askari alisita, akaangalia kule wakubwa waliko, mwisho akarudi nyuma mpaka kwenye rundo la kuni. Alikuwa hasikii, ila aliwaona vizuri.

Kijana alisema anaitwa Muhsini, wa Nalasi, wilaya ya Tunduru. Alikuwa amefungwa kwa korosho za ghala la watu. Hakujitetea kwa hilo. Alisema ni kweli, alizibeba.

"Na mkono?"

"Nilianguka, mama."

"Ulianguka wapi?"

Swali la pili hakuwa amejiandaa nalo. Akachukua harage moja, akaligeuza geuza, akalirudisha lilipokuwa. Kisha akaanza kusema bila kuinua uso, midomo haifunguki sana, mtu wa mbali angedhani anahesabu maharage. Simu ilikutwa imefichwa kwenye paa la bweni lao. Hakuna aliyekubali kuwa ni yake. Yeye ndiye aliyelala chini ya pale ilipokutwa. Askari watatu wakamchukua, wakampeleka nyuma ya ghala la mahindi. Walikuwa na virungu na kipande cha mpira wa maji. Aliinua mkono kuzuia kichwa, na mkono ukapokea kilichokuwa kinakwenda kichwani.

"Hospitali walikupeleka?"

"Tabibu wa hapa alinifunga. Alisema mfupa utaunga wenyewe."

"Umemwambia nani mwingine?"

"Nimwambie nani, mama?" Kwa mara ya kwanza alimtazama. "Naomba usinitaje. Kifungo changu kinaelekea ukingoni. Mimi nataka kutoka tu, nirudi kwetu."

"Sikutaji."

"Wallahi?"

Ludovika alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza, mwenye rozari kwenye mkoba. "Wallahi," alisema.

Baada ya mizunguko walikusanyika ofisini kwa Afande Aidani. Zililetwa soda na biskuti. Mzee Raphael alishukuru kwa mapokezi, akasifu bustani, akauliza kama kuna mjumbe mwenye nyongeza. Ludovika aliweka chupa chini.

"Mimi ninayo. Humu ndani kuna mfungwa amepigwa na askari mpaka akavunjika mkono. Hakupelekwa hospitali. Sitamtaja jina, nimemwahidi."

Afande Aidani hakukasirika, na hilo ndilo lililomtuliza Ludovika. Alichukua kalamu, akauliza kwa upole, "Mkono gani, Mwalimu?"

"Wa kushoto."

Alijibu kama alivyozoea kujibu maisha yake yote: swali likiulizwa, jibu sahihi. Afande aliandika.

"Tunashukuru kwa kutuambia. Tutalifanyia kazi." Kisha akaegemea kiti, akatabasamu kidogo. "Lakini Mwalimu, mimi na wewe tunafanana. Kuongoza kundi kubwa la watu wasiotaka kuongozwa, wewe darasani uliweza bila fimbo?"

Wajumbe wakacheka, kwa kuwa kicheko kilikuwa kinahitajika. Fimbo Ludovika alikuwa nayo, kila mtu wa rika lake aliijua. Akasema tu, "Mimi sikumvunja mtoto," na hata masikioni mwake lilisikika dogo.

Hata hivyo alirudi nyumbani moyo mweupe. Amesema. Mbele ya mkuu mwenyewe, mbele ya wenzake, limeandikwa. Alimsimulia Pankrasi yote huku akivua viatu. Pankrasi alisikiliza mpaka mwisho, akafanya jambo ambalo halifanyi mara nyingi: akazima redio.

"Vika," alisema, jina analomwita wakiwa wawili tu, "mle ndani mikono ya kushoto iliyovunjika iko mingapi?"

Ludovika alibaki na kiatu mkononi.

Alimpigia simu mzee Raphael papo hapo. Raphael alimtuliza: afande ni mtu muungwana, taarifa itaandikwa, watajadili kwenye kikao. Alipomwambia lazima warudi kesho, mzee alisema ziara hufanywa kwa taarifa na hawawezi kuvamia gereza kama soko. "Subira, Mwalimu. Jambo hili lina njia zake."

Kesho yake alikwenda peke yake. Alichukua bodaboda mpaka lango la gereza. Getini alikuwepo askari wa kike, Anjelika, ambaye Ludovika aliwahi kumfundisha darasa la tatu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nataka kuingia."

"Leo si siku ya ukaguzi, Mwalimu."

"Basi niandikishe kama mgeni wa kawaida, nimekuja kumwona mfungwa."

Anjelika akafungua kitabu cha wageni, akashika kalamu. "Unakuja kumwona nani?"

Jina lilikuwa ulimini. Akilitaja, amemtaja. Asipolitaja, lango halifunguki. Mwendesha bodaboda alikuwa ameegesha pembeni, anamsubiri, injini inanguruma. Anjelika alimtazama mwalimu wake wa zamani, akaona uso wake, akafunga kitabu taratibu.

"Nenda nyumbani Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba."

Siku ya kutembelea ndugu ilipofika, mwanamke mwenye mtandio wa bluu alisimama nje ya uzio wa nyumba ya Ludovika, akabisha hodi. Alikuwa na mfuko wa nailoni, ndani yake sabuni ya mche, dawa ya meno na korosho za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi. Basi la Tunduru lilikuwa limemwacha na macho mekundu.

"Shikamoo mama. Naitwa Zena. Nimetoka Nalasi. Askari mmoja wa kike ameniambia nije hapa, hakuniambia kwa nini."

Ludovika alimkaribisha ndani. Alijua kabla hajaambiwa.

"Muhsini ni achimwene wangu," Zena alisema, "kaka yangu, tumetoka tumbo moja. Nimefika pale, wanasema hayupo. Amehamishwa. Nimeuliza kahamishiwa wapi, wanasema mambo ya utawala, tutapata barua. Barua hiyo itakuja Nalasi kwa nani, mama? Mimi nauza vitumbua barabarani."

Kuna watu wangemimina chai kwanza, wakatafuta namna ya kulizungusha. Ludovika hakujua kuzungusha. Alimweleza yote tangu gunia la maharage mpaka soda ya ofisini, hakumficha hata neno moja. Zena alisikiliza huku ameushika ule mfuko mapajani. Mwisho aliuliza jambo moja tu.

"Mkono wenyewe ni wa kushoto?"

"Wa kushoto."

"Muhsini ni wa shoto," alisema Zena. "Huo ndio anaoshikia panga. Huo ndio mkono wake."

Barazani Pankrasi alipunguza redio.

Zena alikaa pale siku kadhaa, akilala chumba cha wajukuu. Walizunguka pamoja. Ofisi ya kwanza iliwaambia jambo hili si la kwao. Ya pili iliwaambia ni la kwao, ila anayehusika yuko safarini. Katika ya tatu palikuwa na kijana mwenye tai, mstaarabu, aliyewasikiliza kwa makini na kuwaonea huruma ya kweli. Akaeleza kwamba malalamiko dhidi ya askari magereza huchunguzwa na magereza wenyewe, na kwamba angewapelekea. Zena aliuliza, kwa ile lafudhi yake ya Kiyao inayolainisha maneno, "Yaani aliyempiga ataulizwa na ndugu yake kama alimpiga?" Kijana alirekebisha tai. Alisema ndivyo ulivyo utaratibu kwa sasa.

Wachunguzi walikuja kweli. Wawili, wamevaa kiraia, wapole mno. Waliketi sebuleni chini ya picha ya Bikira Maria, wakakataa chai, wakauliza maswali yao.

"Mwalimu, ulimwona mfungwa huyo akipigwa?"

"Niliuona mkono."

"Akipigwa hukumwona."

"Sikumwona."

"Aliyekuambia ni nani? Bila jina, mama yetu, tunakwenda kumuuliza nani?"

Ludovika aliomba nafasi kidogo, akatoka uani alikokuwa Zena anaanika nguo. Akamweleza: wanataka jina. "Niliapa mbele yake," alisema. "Lakini bila jina wanafunga faili. Wewe ni damu yake. Niambie nifanye nini."

Zena aliibana kanga kwenye kamba, akaibana na upande wa pili.

"Mtaje. Jina lake si siri tena, mama. Wasiojua aliko ni sisi tu."

Ludovika akarudi ndani, akamtaja. Alisema jina lote, na kijiji, na alichoambiwa, na ghala la mahindi. Wale watu waliandika, wakashukuru, wakashika mkono wake kwa mikono miwili walipoaga. Zena aliondoka siku iliyofuata. Korosho aliziacha, akasema haziwezi kurudi Tunduru, huko zimejaa.

Kisha kukawa kimya. Mvua zikaja, watu wakapanda mahindi, magunia ya mbolea yakagombewa mjini. Kila alipompigia simu mzee Raphael, jibu lilikuwa bado. Ludovika aliyekuwa na neno kwa kila mkutano alianza kukosa mikutano. Kanisani alikaa benchi la nyuma. Jirani yake Notburga alipomwomba aende akawasemee kuhusu taka za sokoni, alisema kichwa kinamuuma. Pankrasi, aliyeshika breki miaka yote hiyo, alijikuta sasa anasukuma gari. "Nenda kawasemee," alimwambia. "Taka haziwezi kuhamishwa gereza." Alikusudia kumchekesha. Ludovika aliinuka, akaingia ndani.

Mkutano wa kundi ulipoitishwa tena, Raphael alisoma majibu. Mhusika amehojiwa huko aliko. Ameeleza kwamba alianguka akiwa ghalani. Tuhuma hazikuthibitika.

"Amehojiwa na nani?" Ludovika aliuliza.

"Na maofisa."

"Wa wapi?"

"Wa magereza, Mwalimu. Ulitaka wa wapi?"

"Na alipokuwa anahojiwa, nani alisimama mlangoni?"

Raphael alivua miwani, akayasugua macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na alionekana kama mtu aliyewahi kuuliza swali hilohilo miaka mingi kabla, akaacha. "Nimekaa mahakamani maisha yangu yote," alisema. "Shahidi akikana, kesi imekufa. Hata kama wote mnajua imeuawa." Kisha akaongeza kwa haraka kidogo, kama anayempa mgonjwa uji, kwamba si bure kabisa: kundi lilipendekeza wachunguzi watoke nje ya magereza, na pia pawekwe sanduku la maoni. La wachunguzi bado linafikiriwa. Sanduku limekubaliwa.

Zena ndiye aliyempata Muhsini. Haikuwa kwa barua. Mtu wa Tunduru aliyemaliza kifungo mkoa mwingine, mbali sana upande wa kaskazini, alipita Nalasi na salamu. Zena alipiga simu jioni, sauti inakatika katika na kurudi. Muhsini yupo hai, alisema. Mkono umeunga, lakini umeunga vibaya, haunyooki. Huko alikopelekwa hakuna anayeijua lugha yake wala kwao, na nauli ya kufika ni ya mtu mwenye mashamba.

"Alhamdulillahi, yuko hai," Zena alirudia.

"Amesema nini kuhusu mimi?"

Mtandao ukakatika, ukarudi.

"Amekutumia salamu, mama. Hana kinyongo. Amesema Mwalimu asiulize tena."

"Asiulize habari zake?"

"Sijui, mama. Ndivyo alivyosema yule mtu. Asiulize tena."

Angeweza kujiuzulu. Pankrasi alimshauri hivyo, na hata paroko, alipokwenda kuungama, alimwambia mtu habebi msalaba unaozidi mabega yake. Ludovika alifikiri juu ya hilo kwa muda. Lakini akijitoa, alisema, wataweka mtu wa kusifu bustani. Na akibaki? Hapo ndipo aliposhindwa kumaliza sentensi.

Akaenda ziara iliyofuata. Sanduku lilikuwepo, limepakwa rangi ya kijani mpya, limegongomelewa ukutani hatua chache kutoka dirisha la ofisi, mahali ambapo anayelisogelea anaonekana na kila mtu. Lilikuwa na kufuli zuri.

"Ufunguo anao nani?" Ludovika aliuliza.

"Ofisi yangu," alisema Afande Aidani. Hakukuwa na kejeli katika sauti yake. "Lazima pawe na mtu wa kutunza ufunguo, Mwalimu."

"Na mmepata maoni?"

"Mpaka sasa hakuna. Ni dalili nzuri."

Wafungwa walichuchumaa safu kwa safu. Waliulizwa kama wana malalamiko, wakajibu hawana. Safari hii Ludovika alikuwa anawatazama usoni, na alichokiona kilimfanya ateremshe macho. Walimjua. Hadithi ya mkono ilikuwa imefika kila bweni kabla yake. Kila alikogeuza uso, macho yalikimbia, na yule ambaye macho yake yalichelewa kukimbia alikuwa anamsihi bila neno: usinichague mimi.

Walipokuwa wanapita kwenye mabweni, alikuwa wa mwisho kwenye msafara. Pembeni mwa mlango mmoja alisimama mtu mzima, mwenye mvi, ambaye hakuwa amekwenda uwanjani na wenzake. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, na shavu lote la upande ule lilikuwa limebadilika rangi. Alisimama mguu mmoja ukibeba mzigo wa wote wawili. Ludovika alisimama. Askari aliyekuwa nyuma yake naye akasimama.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Alikuwa na haki ya kumwambia askari asogee. Maneno yote alikuwa nayo, kwa mpangilio, kama siku zote. Yule mzee alimwona anavyofungua mdomo, akageuka polepole, akauelekeza uso wake ukutani, akabaki hivyo, mabega yamekunjamana, akingoja apite.

"Mwalimu, tuendelee?" Raphael aliita kutoka mbele.

Ludovika akaendelea.

Ofisini zililetwa soda. Mwenyekiti alishukuru kwa mapokezi, akauliza kama kuna mjumbe mwenye nyongeza. Wote wakamgeukia yeye. Hata Afande Aidani alikuwa ameshafungua kalamu.

"Ninayo," alisema Ludovika. Akanywa soda kidogo kwanza. "Ufunguo wa lile sanduku utoke nje ya gereza. Anayechunguza askari asiwe askari mwenzake. Mfungwa akipigwa, aonwe na daktari wa hospitali ya nje siku hiyohiyo. Na aliyezungumza na sisi asihamishwe mpaka nduguze waambiwe anakwenda wapi, na kwa nini."

"Kuna tukio lolote leo, Mwalimu?" Afande Aidani aliuliza kwa upole. "Ulilolishuhudia?"

Wenzake walimsubiri. Kupitia dirishani ulionekana uwanja, na wafungwa wanainuka kutoka kuchuchumaa, wanapangwa kwenda shamba.

"Andika hayo niliyosema," alijibu.

Afande akaandika. Ludovika aliitazama kalamu ikienda mpaka mwisho wa mstari na kurudi, mpaka ikafunikwa.

Pankrasi alimkuta ameketi jikoni na viatu vyake miguuni, sufuria ya dagaa wa Nyasa inaunguzwa na moto. Akaiipua mwenyewe, akiyumba kwenye miguu yake mibovu.

"Leo umesema?" aliuliza.

"Nimesema."

"Kuna mtu uliyemtaja?"

"Hakuna."

"Basi afadhali," alisema Pankrasi, akamshika bega, akarudi barazani. Habari ya yule mzee aliyegeukia ukuta Ludovika hakumwambia, wala hakumwambia Raphael, wala paroko. Alivua viatu, akaosha mikono, akaanza kupakua chakula.